Hakuna Kilichopatikana

Mke wangu alianza kushikwa na tumbo Jumapili baada ya kanisa. Tulidhani ni chakula. Kufikia Jumatatu asubuhi alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu katika hospitali moja hapa Eldoret, mpira umepitishwa puani hadi tumboni, akitapika kitu cha kijani hata pale ambapo hakuna kilichobaki cha kutapika. Daktari wa upasuaji alimbonyeza tumbo, akatazama picha, akasema utumbo umejifunga. Miaka mingi nyuma mke wangu alikuwa ametolewa kidole tumbo, na makovu ya ndani ya upasuaji ule yalikuwa yameushika utumbo na kuukunja kama mpira wa kumwagilia maji uliokanyagwa. Ilikuwa lazima apasuliwe, tena siku hiyo hiyo.

Nilikuwa nimeanza kuizoea habari hiyo wakati daktari wa dawa za usingizi alipokuja. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini, na alikuja na maswali yake.

"Ameshawahi kufanyiwa operesheni akiwa amelazwa usingizi?"

"Mara moja," nikasema. "Kampala, wakati alipokuwa akisoma huko. Kabla hatujaoana."

"Aliamka vizuri?"

Nilimtazama mke wangu. Sikujua kama alikuwa anatusikia. Alikuwa amefumba macho, midomo imekauka na kupasuka. Akasema bila kuyafumbua, "Sikuamka."

Daktari akasogea karibu naye. "Hukuamka vipi, mama?"

"Nilikuwa nasikia watu. Sikuweza kupumua. Sikuweza hata kufungua jicho." Halafu maumivu yakamrudia, akageukia ukuta.

Nikamalizia mimi, kwa yale machache niliyoyajua. Operesheni ya Kampala ilikwisha asubuhi bila tatizo, lakini mwili wake ulikataa kurudi. Alisaidiwa kupumua na mashine mpaka jioni. Walisema ni dawa moja ambayo damu yake haikuweza kuivunja.

"Dawa gani?"

Sikujua. Mke wangu naye hakuwahi kujua jina lake. Kwake ilikuwa "ile dawa", na hakupenda kuizungumzia.

Daktari alinivuta pembeni, karibu na dirisha. "Nisikilize vizuri. Tumbo limejaa. Akilala tu, anaweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni. Kwa hiyo nataka misuli ilegee haraka sana ndiyo niweze kuweka mpira wa kupumulia. Kuna dawa tunayoitegemea kwa kazi hiyo. Kama ndiyo ilimfanya hivyo, siwezi kuigusa. Lakini inaweza kuwa ilikuwa nyingine, na nikikimbia dawa isiyo na makosa nitaangukia ile yenye makosa. Na dawa nyingine ya kulegeza misuli hatuna hapa leo, itabidi niitafute hospitali zingine. Kuna ripoti yoyote iliandikwa?"

Ndipo nilipokumbuka kwamba iliandikwa. Wakati ule nilikuwa mchumba wake tu, lakini mimi ndiye niliyekuwa na anwani ya barua pepe inayofunguliwa kila siku, kwa sababu ya biashara. Hospitali ya Kampala ilinitumia ripoti hiyo, nikaisoma nusu bila kuielewa, nikaiacha humo humo.

"Iko kwa kompyuta ya duka," nikasema.

"Basi kimbia. Nitaanza kutafuta ile dawa nyingine, lakini sina hakika nitaipata. Na utumbo hautatungoja. Ukianza kuoza, hiyo itakuwa habari nyingine."

Nilimwacha mke wangu na shemeji yangu, mdogo wake wa pekee wa kike, ambaye alikuwa ameshuka kutoka Kaptagat usiku ule na bado alikuwa na matope kwenye viatu. "Shemeji, simu yangu iko wazi," akaniambia. "Ukipata, nipigie mimi, nitampelekea daktari simu mpaka mkononi."

Duka langu ni agrovet. Nauza mbegu, mbolea, chakula cha kuku, chumvi ya ng'ombe na dawa za mifugo. Baba yangu alilianzisha alipohamia hapa kutoka upande wa Nyeri, na mimi nikaongeza kompyuta, ya kuagizia bidhaa na kupokea bei mpya. Barua zangu zote huingia humo kupitia programu iliyowekwa kwenye hiyo mashine. Zikishaingia, hazibaki kule zilikotoka. Simu yangu huonyesha za karibuni tu. Nilipoinua mlango wa bati nusu na kuingia nimeinama, nilikuwa na hakika kwamba nitakaa dakika chache tu. Ningeandika jina la hospitali, barua ijitokeze, nisome, nipige simu.

Nikaandika jina la hospitali katika kile kisanduku cha kutafutia. Programu ikafikiri kidogo, ikaandika: Hakuna kilichopatikana.

Nikaandika Kampala. Hakuna kilichopatikana. Nikaandika jina la mke wangu kabla ya ndoa. Hakuna. Nikaandika operesheni, nikaandika ripoti, nikaandika daktari. Kila mara maneno yale yale mawili ya kijivu, katikati ya ukurasa mweupe.

Mzee mmoja kutoka Kiplombe alikuwa amenifuata ndani na chupa tupu mkononi, mteja wangu wa siku nyingi wa dawa ya kupe. "Umefungua?" akauliza.

"Mzee, nisamehe leo. Mke wangu yuko hospitali anataka kupasuliwa. Natafuta barua ya daktari humu ndani na siioni."

Hakuondoka. Aliweka chupa chini, akaketi kwenye gunia la chakula cha kuku karibu na mlango, na kila aliyekuja kugonga bati alimwambia, "Rudi kesho. Kuna shida ya nyumba." Sikumwomba afanye hivyo. Baadaye nilitambua kwamba bila yeye nisingepata hata nafasi ya kufikiri.

Nilijaribu njia nyingine. Nilikuwa na namba ya simu ya hospitali ile, imeandikwa kwenye kadi ya zamani ndani ya droo. Nikapiga. Mwanamume mmoja akapokea, nyuma yake kelele za karakana, akaniambia yeye anauza vipuri vya pikipiki na hajui hospitali yoyote. Alikuwa muungwana. Alimuuliza jirani yake, na jirani akasema ile hospitali ilifungwa zamani na jengo limekuwa shule ya chekechea.

Nikarudi kwenye kompyuta. Nikajiambia: huenda niliifuta. Labda siku moja nilikuwa nasafisha, nikaona barua ya zamani ya mambo ya huzuni, nikaitupa. Kisha, bila kujua kwa nini, nikaandika jina la msambazaji wa mbegu ambaye barua yake nilikuwa naiona pale pale kwenye skrini, ya siku iliyotangulia, mbele ya macho yangu.

Hakuna kilichopatikana.

Nilibaki nimeikodolea macho. Barua ilikuwa pale, na programu ilikuwa inaniambia haipo. Kwa hiyo ule utupu haukuwa ushahidi wa lolote. Ripoti inaweza kuwa imo, inaweza kuwa haimo, na mtafutaji wangu ni kipofu. Sijui kama niliona nafuu au niliogopa zaidi.

Nilimpigia fundi wangu wa kompyuta. Ni mwanamke niliyesoma naye sekondari, ana karakana ghorofani mjini, na ndiye aliyeniwekea kila kitu kwenye mashine hiyo. Hakupokea. Nikapiga tena na tena. Alipopiga yeye, nilisikia upepo na watu wengi wakiimba wimbo wa kanisani.

"Niko mazishi Sugoi," akasema kwa sauti ya kunong'ona. "Ni mjomba. Kuna nini?"

Nikamweleza haraka haraka, maneno yakigongana. Nikasikia akitembea, wimbo ukibaki nyuma yake.

"Sawa. Sasa tulia. Kando ya mahali unaandika, kuna sehemu inaonyesha unatafuta wapi. Imeandika nini?"

"Folda hii."

"Badilisha iwe sanduku zote."

Nikabadilisha. Nikatafuta tena. Safari hii zikaja barua chache, zote za wiki chache zilizopita, na moja ilikuwa tangazo la mashine ya kukamulia. Kampala hakuna.

"Hiyo ni indeksi imeharibika," akasema. "Hiyo programu haisomi barua zote kila ukitafuta. Inajitengenezea faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu, halafu inaangalia huko tu. Kama faharasa ina mashimo, barua iko lakini haitaiona. Ingia kwa mipangilio ya indeksi uniambie imebakisha ngapi. Lakini usiguse..."

Mtandao ukakatika.

Niliingia kwenye mipangilio. Niliona maelfu ya barua ambazo hazijaorodheshwa, na chini yake kitufe kilichosema Jenga Upya. Nilingoja apige. Hakupiga. Simu ya shemeji ikaingia.

"Anatetemeka," akasema. "Joto limepanda. Wamemletea karatasi ya kukubali operesheni, ameshindwa kushika kalamu. Umepata?"

"Bado."

"Shemeji..." Nikasikia anajizuia kulia. "Daktari anasema ile dawa nyingine, hospitali mbili zimemwambia hawana. Amepigia ya tatu."

Nilipoweka simu chini nikabofya Jenga Upya.

Ilikuwa kama kumwita mtu aje akusaidie kubeba mzigo, naye akaja akaumwaga barabarani. Zile barua chache nilizokuwa naziona zikatoweka. Fundi alipopata mtandao na kunipigia, nilimwambia nilichofanya, akavuta pumzi.

"Hapo umeifuta yote, inaanza upya. Na hiyo kompyuta yako ilivyozeeka, itamaliza kesho."

"Kesho hakuna," nikasema. "Unanielewa? Kesho hakuna."

Nilipaza sauti. Mzee wa Kiplombe aliinua kichwa, akavua kofia yake, akaishika magotini. Fundi hakukasirika. Alisema polepole, "Nimekuelewa. Basi achana na kutafuta. Kutafuta kumekufa. Tutaenda kwa mkono kama watu wa zamani. Panga barua kwa tarehe, ile ya kwanza kabisa ije juu."

Nikapanga. Barua ya kwanza kabisa iliyojitokeza juu ilikuwa ya mwaka ambao mtoto wetu wa pili alianza shule. Kabla yake hakukuwa na kitu. Maisha yangu yote ya nyuma yalikuwa yamekatwa hapo, kama shamba lililochongwa na mto.

"Hazipo," nikamwambia. "Za zamani hazipo. Zimeenda."

Hakujibu. Nilidhani mtandao umekatika tena, na nikakaa na simu sikioni nikisikiliza ukimya huo. Nilimwona mke wangu akiwa amelala kwenye meza ya upasuaji, anasikia kila kitu, na hakuna anayejua kwamba anasikia. Aliwahi kuniambia mara moja tu, gizani, kwamba kilichomtesa siku ile ya Kampala hakikuwa kukosa hewa. Kilichomtesa ni kumsikia muuguzi mmoja akiuliza kama ndugu zake wameitwa. Alitaka kumwambia, "Niko hapa," na hakuwa na hata kope ya kumwambia. Nilikuwa nimemwahidi usiku huo kwamba halitatokea tena. Watu huahidi mambo kama hayo wakiwa wamelala salama kitandani kwao.

Sauti ya fundi ikarudi. "Ngoja. Ile kompyuta yako ya kwanza, iliyoungua. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nilitoa barua zako kwa diski yake, nikaziweka faili moja ndani ya hii mpya. Nilikwambia wakati ule, lakini ulikuwa na wateja. Hiyo faili haijifungui yenyewe. Programu haijui kama iko. Hata indeksi ingekuwa nzima, isingeangalia huko. Enda kwa diski ya pili, kuna folda imeandikwa jina la duka na neno zamani."

Nilienda. Folda ilikuwepo. Ndani yake faili moja, kubwa, isiyo na sura. Nikaiambia programu iifungue. Ikakataa. Iliandika kwamba faili haikufungwa vizuri mara ya mwisho na ni lazima ikaguliwe kwanza. Fundi akanielekeza mahali pa kifaa cha ukaguzi, neno kwa neno, huku mchungaji wa Sugoi akisikika kwa kipaza sauti akiwaita watu wa familia wasogee kaburini.

"Lazima niende kuweka udongo," akasema. "Bonyeza Anza, usiguse kitu kingine. Hata ikiandika haijibu, usiguse. Nitarudi."

Nikabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kusogea, ukasimama. Dirisha likafifia na kuandika kwamba programu haijibu. Niliweka mikono chini ya mapaja yangu ili isiguse chochote. Mzee alikuja akasimama nyuma yangu, akitazama skrini ambayo nadhani haikumwambia kitu.

"Inafanya nini?" akauliza.

"Inajitengeneza."

"Na mama yuko wapi sasa?"

"Anangojea hii."

Aliweka mkono begani kwangu na akaanza kuomba kwa lugha yake, polepole, kama mtu anayezungumza na jirani kupitia ua. Sikuelewa kila neno. Nilifumba macho, na nilipofumbua mstari ulikuwa umefika mwisho.

Faili ilifunguka. Barua za miaka yangu ya ujana zikashuka upande wa kushoto wa skrini kama magunia yanayomwagwa kutoka kwenye lori. Kutafuta hakukufanya kazi humo pia, lakini zilikuwa zimepangwa kwa tarehe, na tarehe ningeweza kuikisia. Tatizo ni kwamba sikuukumbuka mwezi. Nilijua alikuwa mwaka wake wa mwisho chuoni. Nilijua pia kwamba alipoanza kuugua nilishindwa kwenda kwa sababu tulikuwa katikati ya msimu wa kuuza mbegu za mahindi, na baba alikuwa mgonjwa, kwa hiyo ilikuwa karibu na mvua ndefu. Nikaanzia hapo, nikashuka.

Zilikuwa bei za mbolea. Zilikuwa ankara, matangazo ya semina za wakulima, malalamiko ya mtu aliyeuziwa vifaranga wagonjwa. Katikati yake, mara kwa mara, jina lake. Aliniandikia sana miaka ile, kutoka kwenye chumba cha kompyuta cha chuo. Sikutaka kusoma, sikuwa na muda wa kusoma, lakini jicho halina breki. *Leo nimetamani maziwa mala, yale ya kuganda ya kwetu, mpaka nimeota.* Nikashuka. *Mbona hujanijibu, ama mahindi yamekuoa?* Nikashuka. Nikafika kwenye wiki yenyewe, ile ambayo hakuandika lolote, na katika pengo hilo barua moja isiyo na kichwa. Ilitoka kwa mtu nisiyemjua, anwani yake ya binafsi, jina la utani na tarakimu. Ndani yake hakukuwa na neno hata moja. Kulikuwa na picha tu, iliyoambatishwa.

Nikaifungua. Ilikuwa karatasi iliyopigwa picha ikiwa imepinda, na nembo ya hospitali ya Kampala juu yake.

Karani fulani alikuwa ametumia anwani yake mwenyewe kutuma ripoti ile, bila kuandika chochote. Hata mtafutaji mwenye afya asingeipata kamwe. Hakuna neno nililoandika asubuhi ile ambalo lilikuwa ndani ya barua hiyo, kwa sababu maneno yake yote yalikuwa picha.

Nilimpigia shemeji. Aliposikia sauti yangu hakuuliza kitu, nikasikia viatu vyake vikikimbia sakafuni, mlango, watu wakimkataza kuingia, yeye akisema, "Ni dawa, ni jina la dawa!" Kisha daktari akaja kwenye simu.

"Soma."

"Ni jina refu. Siwezi kulitamka."

"Soma herufi moja moja."

Nikaweka kidole kwenye kioo. "S," nikasema. "U. X..."

"Inatosha," akasema. "Ndiyo ile ile tunayoitegemea. Asante. Inatosha." Na kabla simu haijakatika nilimsikia akimwambia mtu mwingine, kwa sauti isiyokuwa ya chini tena, aitoe ile sindano kwenye trei.

Ile dawa ya pili ilikuja kwa gari la wagonjwa kutoka hospitali ya tatu. Nilifika kabla yake, na ripoti iliyochapishwa ikiwa bado na joto la mashine, nikiwa nimeacha duka mikononi mwa mzee ambaye sikuwahi hata kumuuliza jina lake. Mke wangu aliingizwa ndani. Mimi na shemeji tuliketi kwenye benchi la korido. Nilikuwa nimejua jina la dawa, lakini sikujua kama nimelijua mapema ya kutosha. Kila mlango ulipofunguka tulisimama wote wawili, na kila mara ilikuwa mtu anayepitisha shuka.

Daktari wa upasuaji alitoka kwanza. Alisema kipande cha utumbo kilikuwa kimeshakuwa cheusi, wamekikata na kuunganisha, lakini ameponea chupuchupu. Yule mama wa dawa za usingizi akatoka nyuma yake akiwa amevua kofia. Alinitazama, akasema, "Anapumua mwenyewe." Nikaketi sakafuni mbele ya watu.

Alipofumbua macho jioni ile hakunitambua mara moja. Alitazama dari, akatazama mpira wa maji, akafungua na kufunga kiganja chake mara kadhaa kama mtu anayejaribu kifaa kipya. Halafu akafumba macho na kuyafumbua. Akafumba, akafumbua. Nilijua anachofanya. Nilimwacha afanye mpaka atosheke.

Siku tuliporuhusiwa kwenda nyumbani, yule daktari wa dawa za usingizi alituita. Alieleza kwamba tatizo hilo huzaliwa nalo mtu, huja na damu ya ukoo, na ndugu zake mke wangu wapimwe kabla hawajawahi kuhitaji kisu. Kwa hiyo, mke wangu alipopata nguvu, tulipanda Kaptagat nyumbani kwao, na shemeji akaita ndugu zake wa kiume waje wasikie. Tuliketi jikoni kwa sababu ya baridi. Mke wangu ndiye aliyeeleza. Alieleza ya Kampala, jambo ambalo hakuwahi kumweleza mama yake, na akaeleza ya juzi.

Mama mkwe alisikiliza akiwa ameshika kikombe ambacho hakikunywewa. Mke wangu alipomaliza, mama aliuliza swali moja, kwa Kiswahili, kwa ajili yangu.

"Mtu anapasuliwa vizuri, damu haitoki, halafu anakataa tu kupumua?"

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Dawa yenyewe inamfunga. Asiposaidiwa na mashine, anakufa."

Akaweka kikombe chini. Akazungumza na binti zake kwa lugha yao, muda mrefu, bila kuinua macho, na nikamwona shemeji akifunika uso. Mke wangu ndiye aliyenitafsiria. Mama alikuwa na kaka, kijana, aliyepelekwa hospitali kupasuliwa ngiri, kitu kidogo tu. Operesheni ilienda vizuri na hakuamka. Miezi michache kabla yake alikuwa amegombana na jirani kuhusu ua wa mpaka, na jirani alikuwa ametamka maneno ya hasira mbele ya watu. Ukoo mzima ukasema jirani yule amemfunga pumzi. Tangu hapo hawakusalimiana na nyumba ile. Hawakuzikana. Jirani alikufa akiwa na jina hilo, na wanawe walikulia ng'ambo ya barabara wakikimbiwa na watoto wenzao.

Nilimpigia simu yule daktari tukiwa pale pale jikoni. Alisema hakuna mtu anayeweza kujua sasa, baada ya miaka yote hiyo, bila karatasi na bila damu ya marehemu. Inawezekana, akasema. Inawezekana sana. Zaidi ya hapo hawezi kuapa.

Mke wangu alimtafsiria mama yake neno kwa neno, pamoja na ile "hawezi kuapa". Mwanawe mkubwa alianza kusema kwamba mambo ya zamani yaachwe, wenyewe walishakufa. Mama mkwe aliinuka, akatafuta kitambaa chake cha kichwa cha kuendea kanisani, akajifunga, akaniambia, "Nishike mkono. Kule kuna utelezi."

Nilimvusha barabara. Mjane wa yule jirani alikuwa nje akichambua mboga, mwanamke mwembamba wa rika lake. Alipotuona tumesimama langoni mwake aliacha mikono hewani. Mama mkwe akaachia mkono wangu, akaingia peke yake. Nilimwona amesimama mbele ya yule mwanamke, akizungumza, ameinamisha kichwa. Mjane hakuinuka. Kisha akasogeza beseni la mboga upande mmoja, akapapasa nafasi iliyobaki kwenye benchi kwa kiganja, na mama mkwe akaketi.